Mazoezi ya Kiingereza kwa wanafunzi wa Kivietinamu: anzia mwisho wa neno

Mwalimu akimsikia mwanafunzi wa Kivietinamu akisema "Yesterday he work at home with two friend", jambo la kwanza linalomjia ni sarufi. Anaandika kanuni ya wakati uliopita ubaoni, anagawa karatasi ya kujaza nafasi, mwanafunzi anapata zote, kisha anafungua mdomo na kusema "he work" vilevile. Kanuni anaijua. Kinachomshinda ni kutamka konsonanti mbili zilizobanana mwishoni mwa silabi, kwa sababu lugha aliyolelewa nayo haina mahali pa kuziweka. Na kwa Kiingereza, wingi, wakati uliopita, nafsi ya tatu na umiliki vyote hukaa mwishoni mwa neno. Mwisho ukimezwa, sarufi nzima huonekana imemezwa.

Ndiyo maana mazoezi haya hayafuati mpangilio wa vitabu vingi. Yanaanza na midomo na masikio, kisha ndiyo yanakwenda kwenye sarufi. Yamelengwa kwa mwalimu anayezungumza Kiswahili, awe anafundisha kwa intaneti au darasani, maana Kiswahili kinakusaidia katika baadhi ya mambo na kukutega katika mengine.

Vifaa: simu yenye kinasa sauti, kioo kidogo, ukanda wa karatasi nyepesi wenye upana wa vidole viwili, na kadi tupu kama 30.

Pima kabla ya kufundisha

Tenga dakika 20 za kipindi cha kwanza. Mpe mwanafunzi aya hii aisome kwa sauti huku ukimrekodi:

"My wife likes nice white rice. She worked five nights last month. Our house is behind the bank. They asked three questions. Please stop speaking."

Kisha aandike sentensi sita kuhusu alichofanya jana, bila kamusi na bila msaada. Sikiliza rekodi ukiwa na aya mkononi, upigie mstari kila konsonanti ya mwisho ambayo hukuisikia. Sasa linganisha na maandishi. Akiandika "worked" na kutamka "work", tatizo ni la mdomo, na karatasi za sarufi hazitamsaidia. Akiandika "work" na kutamka "work", hapo sarufi yenyewe bado. Wengi wana yote mawili kwa viwango tofauti, na ni muhimu ujue lipi ni zito zaidi kwa huyu uliye naye.

Muulize pia anatoka wapi. Mtu wa Hanoi, kaskazini, na mtu wa Cần Thơ, kusini, hawana makosa sawa. Kaskazini herufi d, gi na r zote husomwa kama z, na katika baadhi ya mikoa ya delta ya huko l na n huchanganywa, hivyo "light" na "night" zinakuwa neno moja. Kusini, d na gi husomwa kama y, na v pia mara nyingi. Tena n ya mwisho hugeuka ng na t ya mwisho hugeuka k baada ya irabu nyingi, kwa hiyo "sun" inasikika "sung" na "bat" inasikika "back". Ukimpa mtu wa kusini zoezi la l na n unampotezea muda.

Kwa nini miisho inapotea

Silabi ya Kivietinamu inaweza kuishia kwa p, t, c, ch, m, n, ng au nh, basi. Hakuna s, z, f, v, l, d, b, g wala th mwishoni, na hakuna konsonanti mbili zinazofuatana mwishoni. Hata hizo p, t na c hufungwa mdomoni bila kuachiliwa: midomo inafumba, pumzi haitoki.

Kuna sababu ya pili ambayo walimu wengi hawaijui, nayo ndiyo inayoeleza makosa mengi zaidi. Silabi yenye irabu inayoteleza kama "ai", "ao" au "ây" imeshajaa; haikubali konsonanti yoyote baada yake. Kwa hiyo "five", "fine", "fight" na "file" zote huwa "fai". "Nice", "nine", "night" na "knife" huwa "nai". "House", "how" na "out" hubaki na "ao" tupu. Mwanafunzi anayetamka vizuri n ya "ten" atashindwa n ya "nine", na mwalimu asiyejua sababu hii atadhani ni uzembe.

Zoezi la kwanza: azima irabu ya neno linalofuata

Hili ndilo zoezi lenye faida kuliko yote. Konsonanti zinazomshinda mwishoni, nyingi anaziweza mwanzoni mwa silabi. Basi zihamishie huko.

1. Andika jozi hizi: "like it", "five eggs", "nice apple", "time is", "house is", "out of".
2. Zigawe kwa masikio, si kwa tahajia: lai-kit, fai-vegz, nai-sapl, tai-miz, hao-siz, ao-tov. Aandike mwenyewe kwa namna anayoisoma.
3. Atamke vipande viwili mbalimbali, kisha aviunganishe polepole. Mara tano kila jozi.
4. Sasa neno la pili alinong'one: "like" kwa sauti, "it" kwa mnong'ono.
5. Halafu alifikirie tu bila kulitamka. Ulimi uende mahali pa k na kuachia. Kinachobaki ni "like" kamili.
6. Mwisho, liwekwe mbele ya konsonanti: "like tea", "five books", "nice people". Hapa ni pagumu, usipafikie siku ya kwanza.

Jozi sita hadi kumi kwa kipindi zinatosha. Zikizidi, mdomo unachoka na mwanafunzi anarudi kwenye mazoea.

Hapa Kiswahili kinakutega wewe mwalimu. Sisi tunapopokea neno la kigeni huliongezea irabu: burashi, kilabu, sokisi. Wavietinamu huenda upande wa pili: neno la Kifaransa "crème" kwao ni "kem", na "cravate" ni "cà vạt". Ukitamka "good-i" au "like-i" ili mwanafunzi asikie vizuri, atakuiga, na utakuwa umemwondolea kosa moja na kumpa jingine. Jirekodi kwanza ukisoma ile aya ya kupimia. Ukisikia irabu ya ziada, irekebishe kabla ya kumfundisha mtu.

Kosa jingine hujitokeza wiki mbili tatu baadaye. Mwanafunzi aliyekumbushwa "s" kila mara huanza kuimwaga kila mahali: "I likes", "she is nices". Usimkemee. Mpe kadi kumi za vifungu, nusu vinahitaji s na nusu havihitaji, aseme kwanza "ndiyo" au "hapana", kisha ndiyo atamke.

Zoezi la pili: urefu wa irabu

"Rice" na "rise", "back" na "bag", "right" na "ride", "leaf" na "leave". Walimu wengi humhangaisha mwanafunzi atetemeshe koo kwenye z na v za mwisho. Sikio la mzungumzaji wa Kiingereza hutegemea zaidi urefu wa irabu iliyotangulia: mbele ya konsonanti ghuna, yaani inayotetemesha koo kama z, v, d na g, irabu hurefuka. Mwambie avute irabu ya "rise" karibu mara mbili ya ile ya "rice", na tofauti itasikika hata kama z yenyewe ni hafifu. Atamke jozi, wewe ukiwa umempa kisogo unyooshe kidole kimoja kwa neno la kwanza na viwili kwa la pili. Ukikosea wewe, ajaribu tena. Zoezi hili humpa mwanafunzi ushahidi wa hapohapo, jambo ambalo maneno "vizuri sana" hayawezi kumpa.

Zoezi la tatu: -ed

Utaratibu ni uleule wa kuazima irabu: "worked at" iwe work-tat, "called Anna" iwe kol-dana, "lived in" iwe liv-din. "Wanted" na "needed" huongeza silabi nzima, na kwa kawaida hazisumbui. Tatizo ni kwamba mwanafunzi huieneza silabi hiyo hadi kwenye "work-id". Kanuni ni moja: silabi huongezeka pale tu kitenzi kinapoishia kwa sauti ya t au d.

Mfundishe pia anachoruhusiwa kuacha. Kwenye "asked us" waingereza wenyewe wengi huimeza k na kusema "as-tus". Konsonanti ya katikati inaweza kwenda, ya mwisho inabaki. Hilo humpunguzia mwanafunzi mzigo mkubwa kwenye "asked", "months" na "texts".

Halafu zoezi la kusikia. Soma sentensi zisizo na neno la wakati: "They walk to the market", "They walked to the market", "We need a doctor", "We needed a doctor", "I live in Huế", "I lived in Huế". Mwanafunzi aelekeze kidole nyuma kwa yaliyopita, chini kwa ya kawaida. Kivietinamu kina "đã" kwa yaliyopita, "đang" kwa yanayoendelea na "sẽ" kwa yajayo, lakini mara nyingi huachwa pale neno la wakati kama "hôm qua", yaani jana, linapotajwa. Karatasi nyingi za mazoezi huweka "yesterday" kwenye kila sentensi, na mwanafunzi hulitazama neno hilo bila kukisikiliza kitenzi. Liondoe.

Mwanzo wa neno

Hapa tupite haraka, maana makosa haya ni machache na hayaharibu sana maana.

P ya mwanzo karibu haimo katika maneno asilia ya Kivietinamu, hivyo "pen" huwa "ben". Weka ukanda wa karatasi sentimita tano mbele ya midomo. Mwanafunzi atamke "tha" ya Kivietinamu: karatasi inaruka. Atamke "ta": karatasi inatulia. Pumzi ile ya "tha" ndiyo aitie kwenye "pa". Kwa njia hiyohiyo, "two" ya Kiingereza iko karibu zaidi na "thu" yao kuliko "tu".

Hapo hapo ndipo tatizo la "think" linapotokea. Maandishi ya Kivietinamu ya leo ni ya herufi za Kirumi, na mtindo wake ulibuniwa na wamisionari wa karne ya 17. Kamusi ya Alexandre de Rhodes ilichapwa Roma mwaka 1651. Mwanafunzi anaziona herufi anazozijua na anazisoma kwa sauti za kwao: th ni t yenye pumzi, x ni s, d isiyo na kistari ni z au y. Chukua kioo, aone ncha ya ulimi ikitokeza kati ya meno, ashikilie sauti sekunde tatu. Wewe una "thelathini" na "dhahabu", kwa hiyo mfano mzuri tayari unao kinywani.

Kwa "stop", "speak" na "street", ambazo huwa "sơ-tóp" na kadhalika, avute s kwa sekunde mbili kisha aachie "top" ghafla. Afupishe s kidogo kidogo.

Toni na mkazo

Kivietinamu cha kaskazini kina toni sita, yaani namna za kupandisha au kushusha sauti zinazobadili maana ya neno, cha kusini kwa kawaida tano. Kila silabi ina yake na uzito wake kamili. Isitoshe, silabi inayoishia p, t au c hupokea toni mbili tu, "sắc" inayopanda au "nặng" nzito ya chini. Matokeo yake, "cat", "book" na "stop" za Kiingereza hupandishwa juu kila zinapotokea, na sentensi nzima inayumba. Dawa ni kuimba bila maneno: mwanafunzi avumishe mdomo umefumbwa akifuata mkondo wa sentensi yako, mara tatu, kisha atie maneno juu ya mvumo huo.

Kwa mkazo, tumia herufi yao "ơ". Sauti yake iko karibu sana na irabu dhaifu ya Kiingereza. Andika "banana" kama bơ-NA-nơ, "problem" kama PRO-blơm, "computer" kama kơm-PIU-tơ. Mwanafunzi ataelewa kwa dakika moja jambo ambalo maelezo marefu hayawezi kumfikishia. Sisi waswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na hatuna irabu dhaifu, kwa hiyo nawe uifanyie mazoezi orodha hiyo, hasa maneno kama "comfortable" na "photograph".

Usisahau "thirteen" na "thirty", "fifteen" na "fifty". N ikimezwa, mkazo ndio pekee unaobaki kuokoa bei. Cheza soko kwa bei za đồng, pesa ya Vietnam: 15.000, 50.000, 130.000. Kwao nukta hutenga maelfu na mkato hutenga desimali, kinyume cha Kiingereza. Mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wenye takwimu aandike upya namba kumi kila wiki.

Sarufi: mazoezi matano yanayolipa

Kwanza, kitenzi "be". Kivietinamu hutumia "là" mbele ya nomino tu: "Tôi là giáo viên", mimi ni mwalimu. Mbele ya kivumishi hakuna kitu: "Tôi mệt", neno kwa neno "mimi choka". Ndipo linapotoka "I tired", na mwanafunzi akirekebishwa hovyo huruka hadi "I am go". Andika kadi 18: nomino sita, vivumishi sita, vitenzi sita. Azitandaze katika safu tatu. Safu ya nomino na ya vivumishi hupata "am", "is" au "are". Ya vitenzi haipati, ila kitenzi kikivaa -ing. Atunge sentensi kwa kuokota kadi bila kuchagua, na aseme jina la safu kabla ya sentensi.

Pili, "có". Neno hili ni "kuwa na" na pia "kuna". Hivyo "Trong lớp tôi có 40 học sinh" hugeuka "In my class have 40 students". Asahihishe hizi: "In my house have a dog", "On the table has two cup", "Near my school have a river". Majibu: "There is a dog in my house", "There are two cups on the table", "There is a river near my school". Kipimo cha kumfundisha: kama mwenye kitu ni mtu, "have", kama sentensi inaanza na mahali, "there".

Tatu, viunganishi vya jozi. "Tuy ... nhưng" na "Vì ... nên" ni sahihi kabisa kwao, kwa hiyo wanaandika "Although it rained, but we went" na "Because I was sick, so I stayed". Mpe sentensi nane zenye viunganishi viwili na kalamu moja nyekundu: akate kimoja, achague mwenyewe kipi. Kisha azigeuze kwa kukata kile kingine. Kufanya pande zote mbili ndiko kunakomwonyesha kwamba kimoja kinatosha.

Nne, maswali. "You go where?" wewe hutashangaa, maana nasi tunasema "Unakwenda wapi?" Tumia kadi za maneno zipangwe sakafuni na mwanafunzi asogeze kadi ya "where" kwa mkono hadi mbele, kisha aingize "do" au "did". Kusogeza kwa mkono husaidia kuliko kuandika. Ongeza hapa "I very like", inayotokana na "rất thích": kadi ya "very" ipate mwenzake "much" na viende mwisho.

Tano, wingi bila namba. "Hai con mèo" ina "mbili" na neno la kuhesabia, paka mwenyewe habadiliki. Mwanafunzi akiona "two" hukumbuka s. Akiona "I like cat" hakumbuki. Basi mazoezi yake yasiwe na namba: "I like ___", "My uncle sells ___", "___ are expensive in Saigon".

Kuhusu "a" na "the", fundisha kidogo kidogo kila kipindi na usitegemee matokeo ya haraka. Kivietinamu hakina vineno hivyo, Kiswahili nacho hakina, na hakuna zoezi moja linalovimaliza.

Ndiyo isiyo ndiyo

Uliza "Don't you like coffee?" na mwanafunzi asiyependa kahawa atajibu "Yes". Anakubaliana na usemi wako, kama sisi tunavyojibu "Ndiyo, sipendi". Fanyeni maswali kumi ya kukanusha, na sharti liwe jibu kamili: "No, I don't". Kamwe asijibu kwa neno moja.

Zaidi ya hapo, "Dạ" anayotanguliza ni adabu kwa mkubwa, si ishara kwamba ameelewa. Kwao mwalimu mwanamume ni "thầy", mwanamke ni "cô", na mwanafunzi hujiita "em". Akikuita "teacher" anakuheshimu, kama mtu anayekuita "mwalimu". Kwa hiyo usiulize "Do you understand?" Mwambie atoe mfano wake. Wengi huona haya kukosea mbele ya wenzao. Anza na darasa zima kutamka pamoja, kisha wawiliwawili, mtu mmoja mmoja mwishoni.

Kupanga kipindi

Kwa kipindi cha dakika 50: dakika 10 za miisho ya maneno, kila siku bila kukosa, dakika 5 za kusikia, dakika 15 za zoezi moja la sarufi, dakika 15 za mazungumzo yanayotumia zoezi hilohilo, dakika 5 za mwanafunzi kujirekodi. Wakati wa mazungumzo sahihisha miisho tu, mengine yaandike uyarudie baadaye.

Wanafunzi wa shule wamezoea maswali ya kuchagua jibu. Kiingereza huanza kwa lazima darasa la tatu, na mtihani wa kumaliza sekondari tangu 2025 una maswali 40 kwa dakika 50, bila sehemu ya kuzungumza. Wazazi wataomba karatasi za aina hiyo. Wape, lakini kila jibu lililochaguliwa lisomwe kwa sauti kama sentensi nzima.

Kazi ya nyumbani iwe ujumbe wa sauti wa sekunde 40 kwa Zalo, programu ya ujumbe inayotumiwa sana Vietnam. Jibu kwa sauti, ukitaja kosa moja tu.

Vietnam iko saa nne mbele ya Nairobi na Dar es Salaam, saa tano mbele ya Kigali na Goma, saa tatu mbele ya Muscat. Kipindi cha saa 19:30 Hanoi ni saa tisa na nusu alasiri Dar. Ukiandikiana na mwanafunzi tumia mtindo wa saa 24, usije ukatafsiri saa ya Kiswahili ukampoteza. Tết, mwaka mpya wao, huangukia kati ya mwishoni mwa Januari na katikati ya Februari, na familia husafiri. Usipange somo jipya wiki ile. Kipindi cha kwanza baada yake kiwe cha jozi za "like it" na "five eggs" peke yake, kwa sababu miisho ndiyo ya kwanza kupotea mtu asipokuwa anazungumza.